Taja Bei, Taja Mahali: Ushauri kwa Biashara Ndogo za Mtwara Zinazouza Mtandaoni

Kila Oktoba, msimu wa korosho unapofunguliwa mkoani Mtwara, kuna orodha moja inayosomwa kwa makini kuliko gazeti lolote. Ni orodha ya mauzo ya mnada. Imeandikwa ghala lilipo, tani zilizomo, daraja la korosho na siku ya kufungua bei. Mnunuzi awe Dar es Salaam, Vietnam au India, anaanza na orodha hiyo, kisha anatia bei yake. Tangu msimu wa 2024/25 bei hizo zinatiwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na matokeo yanatangazwa hadharani ili mkulima wa Newala au Tandahimba ajue kilo yake imefika shilingi ngapi.

Wiki hiyohiyo, mtu akifungua Instagram atakutana na pakiti ya korosho za kukaanga. Picha ni nzuri, mwanga umekaa vizuri, maneno yamezungukwa na emoji za moto na mioyo. Chini yake mteja ameuliza: "Bei gani?" Saa tano baadaye amejibiwa: "Njoo inbox."

Mteja haji. Amekwisha kununua kwingine.

Korosho ni zilezile, zimetoka mikorosho ileile. Kilichotofautiana ni kwamba mwenye ghala ameeleza anachouza na mwenye ukurasa hakueleza. Wafanyabiashara wengi wadogo wa kusini, kuanzia mama lishe wa Shangani, fundi cherehani wa Magomeni, mbanguaji wa korosho wa Newala, hadi kijana anayetembeza wageni Mikindani na Msimbati, wameingia mtandaoni kwa imani kwamba kazi ya huko ni kutangaza. Wananunua bando, wanapiga picha, wanaposti kila siku, kisha wanashangaa kuona wanaopenda picha ni wengi na wanaonunua hawafiki watano. Ushauri wa makala haya ni mmoja, na yote yanayofuata yanatokana nao: kazi ya kwanza ya biashara ndogo mtandaoni ni kutoa taarifa. Tangazo linafuata baadaye, na mara nyingi halihitajiki kabisa.

Waliopimwa walikuwa wavuvi

Faida ya taarifa imewahi kupimwa kwa hesabu. Kati ya mwaka 1997 na 2001 minara ya simu ilisimikwa kwa awamu kwenye pwani ya jimbo la Kerala, kusini mwa India. Kabla ya hapo mvuvi alirudi kwenye diko lake bila kujua hali ya diko la jirani. Siku ambazo samaki walijaa, wengine walitupwa. Kwa wastani kati ya asilimia 5 na 8 ya mavuno yalipotea hivyo, huku kilomita chache pembeni wanunuzi wakirudi nyumbani mikono mitupu. Simu zilipofika, wavuvi wakaanza kuulizia bei wakiwa bado majini. Mchumi Robert Jensen, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2007, alikuta utupaji wa samaki umekoma karibu kabisa, faida ya wavuvi imepanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji imeshuka kwa asilimia 4.

Hakuna mvuvi wa Kerala aliyelipia tangazo. Walichofanya ni kuambiana nani ana nini, wapi na kwa bei gani.

Pwani ya Mtwara inafahamu vizuri hali ile ya kabla ya simu. Samaki wanashushwa Feri, Msangamkuu, Mikindani na Msimbati, na mwenye hoteli mjini anaweza kukosa changu siku ambayo Msimbati, kama kilomita 45 tu kutoka mjini, changu wamejaa ndoo. Simu anayo, na muuzaji anayo. Kinachokosekana ni ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi unaosema nini kimeshuka.

Maswali matano ya mteja

Mteja wa mtandaoni hawezi kushika bidhaa, kuinusa wala kumtazama muuzaji usoni. Kwa hiyo ana maswali matano, na huyauliza karibu kila mara kwa mpangilio huu: Ipo? Bei gani? Mko wapi? Itanifikaje? Na ikifika mbovu je?

Swali la kwanza linaonekana jepesi, lakini ndilo linalochosha wateja zaidi. Picha ya gauni iliyowekwa Januari bado iko ukurasani Agosti, na kila anayeuliza anaambiwa limekwisha. Dawa yake ni kurudi kwenye picha ya zamani na kuandika "Imeisha, mzigo mpya utaingia mwisho wa mwezi", au kuifuta kabisa.

La pili ni bei, na hapa wengi wanakataa ushauri. Wanasema bei ikionekana, mshindani wa jirani ataishusha ya kwake. Ukweli ni kwamba jirani anaijua bei hiyo tangu juzi, kwa sababu alimtuma mtoto kuiulizia. Asiyeijua ni mteja. Wengine wanaficha bei ili wapate nafasi ya kupatana. Kupatana kunawezekana hata bei ikiwa imeandikwa; muuzaji anaongeza tu "maongezi yapo" na mteja anaelewa. Bei ya rejareja na ya jumla zitajwe zote mbili, kwa tarakimu, pamoja na kiasi cha kuanzia kwa anayetaka ya jumla.

Bei inakwenda sambamba na maelezo ya kitu chenyewe. Korosho ni mfano mzuri, maana biashara ya dunia imekwisha kuitengenezea lugha. Korosho nzima nyeupe huuzwa kwa madaraja kama W180, W240 na W320, na namba hiyo inaeleza ukubwa: daraja la W320 lina punje zisizozidi 320 katika ratili moja, yaani takriban gramu 454, ilhali W180 lina punje zisizozidi 180, kwa hiyo kila punje ni kubwa zaidi. Mbanguaji mdogo anayeandika "korosho tamu sana" anashindana na maelfu wanaoandika hivyohivyo. Anayeandika daraja, uzito, tarehe ya kufungashwa na kama zina chumvi au hazina, anasomwa na mwenye duka la Dar es Salaam kama mtu anayeijua kazi yake.

Mahali paelezwe kwa alama zinazojulikana na wenyeji na pia kwa ramani ya Google. Mkazi wa Mtwara anaelewa akiambiwa "karibu na kivuko cha Msangamkuu". Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege leo haelewi. Kuandikisha biashara kwenye ramani hiyo hakulipiwi, na saa za kufungua na kufunga zinaonekana papo hapo.

Kuhusu usafirishaji, umbali wa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam unazidi kilomita 550, na mizigo mingi midogo husafiri kwa basi. Mteja aelezwe basi linaondoka saa ngapi, mzigo utapokelewa wapi, nauli ya mzigo ni kiasi gani na nani anailipa. Mambo haya yakiandikwa mara moja na kubandikwa juu ya ukurasa, muuzaji anapumzika kuyarudia mara ishirini kwa siku.

Swali la tano, la bidhaa kufika mbovu, ndilo ambalo wengi hulikwepa. Wauzaji wanaogopa kwamba kulitaja ni kujitabiria ubaya. Kwa mteja ni kinyume chake: sentensi moja inayosema "Ikifika imevunjika, tuma picha siku hiyohiyo tutarudisha pesa au kuleta nyingine" inamfanya atume pesa kwa moyo mweupe.

Mfano wa posti inayojibu yote matano hauzidi mistari michache: "Korosho za kukaanga, chumvi kidogo. Daraja W320, pakiti ya gramu 500, zimefungashwa wiki hii. Sh 15,000, kuanzia pakiti 20 bei ya jumla Sh 13,500. Tupo Mtwara mjini, karibu na soko kuu, saa 2 asubuhi hadi 12 jioni, Jumapili tumefunga. Dar tunatuma kwa basi la asubuhi, nauli ya mzigo analipa mpokeaji. Ikifika imeharibika, tunabadilisha." Bei hapo ni ya kuonyesha mfano tu. Kinachotakiwa kuigwa ni kwamba hakuna aliyebaki na la kuuliza isipokuwa "Nilipie wapi?"

Kalenda iliyopo baharini na shambani

Washauri wengi wa biashara za mtandaoni huhimiza watu waposti kila siku. Kwa mwenye duka dogo asiye na la kusema kila siku, ushauri huo huzaa picha za maua na salamu za Jumatatu njema. Mfanyabiashara wa Mtwara ana kalenda bora zaidi, na ameirithi.

Mfano ni pweza. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu. Maji hutoka mbali, miamba huachwa wazi, na watafutaji wa pweza hurudi na vikapu vizito. Siku za maji mafu pweza hupungua. Muuzaji anayejua hivyo anaweza kuandika siku mbili kabla: "Bamvua linaanza Jumamosi, oda za pweza zinapokelewa kuanzia sasa." Mpishi wa hoteli aliyesoma ujumbe huo anapanga chakula chake cha wikiendi akiutegemea. Baada ya miezi mitatu ataanza kuusubiri.

Pepo nazo zina la kusema. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, bahari huchafuka na mashua ndogo hubaki ufukweni. Kaskazi likiingia kuelekea mwisho wa mwaka, hali hubadilika. Muuza samaki akieleza sababu ya bei kupanda, mteja hakasiriki sana kama anapoambiwa tu kwamba bei imepanda. Kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita pwani hii wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Kiongozi wa wageni anayeandika kila anapowaona, na kutaja tarehe na mahali, anatoa habari ambayo hakuna ofisi ya Dar es Salaam inayoweza kuitoa kabla yake.

Kisha kuna fedha. Kuanzia Oktoba, malipo ya korosho yanapoanza kuingia kwa wakulima, mabati, pikipiki, magodoro na vitenge hununuliwa kwa kasi. Miezi ya katikati ya mwaka mkulima anafikiria salfa na pembejeo nyingine, na hana fedha ya kuchezea. Likizo za shule huja na jando na unyago, na pamoja nazo mahitaji ya nguo, vyakula na vyombo. Fundi cherehani anayeonyesha mishono mipya wakati watu wanasubiri malipo ya mnada anazungumza na mtu mwenye haja. Akiionyesha Machi, anazungumza na mtu anayehesabu shilingi za daftari.

Jukwaa moja lililotunzwa

Biashara ndogo haihitaji kuwa kila mahali. Kwa Tanzania, mahali pa kuanzia ni WhatsApp, kwa sababu mteja yuko humo tayari na hahitaji kufundishwa. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inapakuliwa bure na ina vitu ambavyo ile ya kawaida haina: maelezo ya biashara na saa za kazi, katalogi ya bidhaa zenye picha na bei, majibu yaliyoandaliwa kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo. Wapo wauzaji wengi waliokwisha kuiweka kwenye simu lakini katalogi yake iko tupu. Saa mbili za Jumapili zinatosha kuijaza.

Kuna jambo la kiufundi linalowapita wengi. Ujumbe wa matangazo kwa orodha, unaoweza kwenda kwa watu 256 kwa mkupuo, humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya muuzaji kwenye simu yake. Kwa hiyo ombi la "Tafadhali hifadhi namba hii kwa jina la duka" lina thamani kuliko ombi la "tufuate". Picha za status nazo hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo zinafaa kwa mzigo wa leo, wala si kwa maelezo ya kudumu.

Facebook bado ina nguvu kwenye makundi ya kuuza na kununua. Instagram inafaa kwa anayelenga wateja wa Dar es Salaam na walio nje ya nchi. TikTok inapendelea kazi inayoonekana ikifanyika: mikono ikibangua, patasi ikipita kwenye mpingo, ming'oko ikichemka jikoni. Mwenye biashara achague moja kati ya hizo mbali na WhatsApp, aitunze, aache nyingine. Ukurasa uliokufa tangu mwaka juzi unamwambia mteja kwamba duka nalo limekufa.

Halafu kuna wasio na simu janja. Mkoa wa Mtwara una watu zaidi ya milioni 1.6 kwa sensa ya 2022, na vitochi bado vipo mikononi mwa wengi vijijini. Kwao ujumbe mfupi wa kawaida unatosha, ilimradi uingie ndani ya herufi 160: mzigo gani, bei gani, siku gani, piga namba gani. Redio za mkoani nazo, kama Jamii FM ya Naliendele, zinafika mahali ambapo bando halifiki.

Sababu nyingine ya kutotegemea jukwaa moja la watu wengine ni matukio ya karibuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba nchini kwa siku kadhaa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari aliendelea kupiga simu. Aliyekuwa nazo kwenye ukurasa tu alisubiri.

Kujibu, na kusema habari mbaya mapema

Taarifa ikishatolewa, mazungumzo yanaanza, na hapo ndipo duka dogo linapoweza kulishinda kubwa. Mteja akiuliza hadharani ajibiwe hadharani, kwa sababu anayeuliza ni mmoja na wanaosoma jibu ni mia. Akilalamika, asifutiwe maoni yake. Jibu la "Pole sana dada, tumekutumia ujumbe, mzigo wako tunaushughulikia leo", likifuatwa na lingine kesho yake linalosema limekwisha, linafanya kazi ambayo hakuna tangazo litakaloifanya. Ajibiwe pia kwa lugha anayoitumia mwenyewe. Mteja mzee aliyeandika "Shikamoo, naomba kuuliza" asirushiwe "Mambo, bei poa" kwa haraka.

Mtihani mkubwa ni habari mbaya. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, na magari yakakwama. Katika hali kama hiyo muuzaji ana njia mbili. Anaweza kunyamaza, akitumaini mteja hataona. Au anaweza kuandika mara moja: barabara imekatika, mzigo uko ndani ya basi fulani, nitakujulisha kesho saa nne, na ukitaka pesa yako irudi sema tu. Wa kwanza ataitwa tapeli hata kama mzigo utafika mzima. Wa pili atasubiriwa.

Mwenye kundi la WhatsApp la wateja ana jukumu la ziada. Kundi la biashara likigeuka uwanja wa siasa, sala za kusambaza na matangazo ya watu wengine, wateja huzima sauti yake wala hawaagi. Kanuni zake ziandikwe siku ya kwanza, na ikiwezekana kundi lifungwe ili msimamizi pekee atume.

Fedha, sheria na bahari

Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe maarufu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Hofu hiyo ndiyo inayomkabili muuzaji mwaminifu kila anapotaja namba ya malipo. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inasaidia, maana mteja anaona jina kabla ya kuweka namba ya siri. Namba hiyo iandikwe mahali pamoja pa kudumu, na wateja waambiwe kwamba haitabadilishwa kwa ujumbe wa ghafla. Muuzaji naye asitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa muamala. Aangalie salio lake mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa namba 15040. Akaunti ya biashara iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu ukurasa ukiibwa, anayetapeliwa ni mteja na jina linalochafuka ni la duka.

Sheria nazo zipo na zinamgusa hata mwenye genge. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe, aseme anapatikana wapi na aeleze bidhaa yake. Pia inakataza kumtumia mtu matangazo ambayo hakuyaridhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda majina na namba ambazo muuzaji amekusanya. Kwa lugha ya dukani maana yake ni hii: omba ruhusa kabla ya kumwingiza mtu kwenye kundi, usimpe mwenzako orodha ya wateja, na anayetaka kuondoka aondoke.

Kwa vyakula, alama ya ubora ya TBS isitajwe kama haipo. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina kazi ya kuwaelekeza wasindikaji wadogo kuhusu vifungashio na lebo, na wanaobangua korosho nyumbani wanashauriwa kupita ofisini kwake kabla ya kununua stika za rangi. Madai ya tiba yaachwe. Korosho ni chakula kizuri. Anayeandika kwamba inaponya kisukari anajitafutia matatizo na anaweza kumdhuru mgonjwa.

Wanaofanya kazi za utalii kandokando ya Ruvuma wana angalizo lao. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la takriban kilomita za mraba 650, ina kiingilio na masharti yake. Mgeni aambiwe kiingilio hicho kabla hajapanda gari, siyo akiwa getini. Picha ya mtu aliyemkalia kasa au aliyeshika matumbawe yaliyovunjwa inaweza kupendwa na wengi mtandaoni, lakini ni ushahidi wa kosa uliowekwa na mwenyewe.

Kazi ya mikono isimuliwe

Zipo bidhaa ambazo maswali matano hayatoshi kuziuza, kwa sababu thamani yake imo katika namna zilivyotengenezwa. Huko Paje, Unguja, kijiji kilichoanza kulima mwani wa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, mwani mkavu wa kusafirisha nje umekuwa ukimlipa mkulima kidogo sana. Kampuni ndogo ya Mwani Zanzibar, inayofanya kazi na wanawake wakulima wa hapo, ilichagua njia nyingine: kutengeneza sabuni na vipodozi, kuwatembeza wageni shambani maji yanapotoka, na kuwaonyesha watu wa mbali kazi hiyo inavyofanyika. Mnunuzi analipa bei ya juu kwa sababu ameona. Wakulima wa mwani wa pwani ya Mtwara wana bahari ileile na mikono ileile.

Vinyago vya Kimakonde ni mfano wa karibu zaidi. Jina lake linajulikana duniani, na Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani miaka ya 1950, ametajwa katika vitabu vingi vya sanaa. Lakini soko limejaa pia vinyago vya mti laini vilivyopakwa rangi nyeusi ya viatu. Mchongaji wa leo anayeuza kwa simu ana silaha rahisi: apige picha ya chini ya kinyago ambako mpingo mbichi unaonekana, aandike uzito wake, aseme ni mtindo gani, siku ngapi zimetumika na mti ulitoka wapi. Aweke na jina lake. Kinyago kisicho na jina la mchongaji kinauzwa kama zawadi ya uwanja wa ndege. Chenye jina na maelezo kinaingia kwenye mazungumzo mengine ya bei.

Kupima kwa daftari

Idadi ya waliopenda picha haiingii kwenye hesabu ya mwezi. Mwenye biashara ndogo anahitaji safu nne tu kwenye daftari: wangapi waliuliza, wangapi walinunua, walitusikia wapi, na walioacha kununua walikwama wapi. Swali la "Ulitufahamu kupitia wapi?" liulizwe kwa kila mteja mpya. Baada ya miezi miwili picha itakuwa wazi. Huenda ikaonekana kwamba TikTok inaleta sifa na WhatsApp inaleta fedha, au kwamba wengi wanakwama kwenye nauli ya mzigo. Hapo ndipo fedha ya kulipia matangazo, kama ipo, inaweza kutumika kwa akili: kuipeleka mbele posti ambayo tayari imethibitika kuuza, kwa siku chache, kwa watu wa eneo mahususi, kisha kulinganisha na daftari.

Halmashauri, SIDO, vyama vya msingi na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari vingefanya jambo la maana kama navyo vingetuma kila asubuhi taarifa fupi ya kile kilichoshuka dikoni, bei ya sokoni na hali ya barabara, kwa WhatsApp na kwa ujumbe wa kawaida. Hilo linahitaji mtu mmoja mwenye simu na nidhamu. Mfanyabiashara lakini asilisubiri. Wiki hii aketi na kalamu, ayajibu yale maswali matano kuhusu bidhaa yake moja inayouzika zaidi, aandike bei kwa tarakimu, ayabandike juu ya ukurasa wake na kwenye katalogi. Kisha amtumie mteja mmoja anayemwamini na kumwomba aseme kimebaki nini cha kuuliza.